UZI: Masega ya ekzosi, kabla hujamwambia fundi ayakate pitia hapa kwanza (wa Dodoma hasa)

Mtoa mada:

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimekuwa nauahirisha mda mrefu ila jana nimepita gereji moja huku Kizota nikakuta kijana yuko chini ya Vitz anakata masega na grainda, mwenye gari kakaa juu ya ndoo anakunywa soda. Nikamsalimia nikamuuliza kaka gari inasumbua nini, akasema ni nzito haichanganyi, fundi kasema masega yameziba. Nikauliza mmepima na nini? Akamwangalia fundi, fundi akaniangalia mimi, maongezi yakaishia hapo na cheche zikaendelea kuruka. Nimeshindwa kulala vizuri kwa sababu yule kaka ni mimi kabisa wa mwaka juzi, ndo maana leo naandika yote bila kuficha.

Kwa wasioyajua, masega ni lile dubwasha lililovimba kwenye bomba la ekzosi, mara nyingi linakaa mbele karibu na injini, na gari zingine zina la pili chini ya sakafu. Ukilipasua ndani unakuta kigae chenye vitobo vidogo vidogo, kama uliwahi kununua asali ya Manyoni au Itigi ikiwa bado kwenye sega basi ndo picha yenyewe, ila haya vitobo vyake ni vya mraba na vidogo zaidi, la kiwandani mara nyingi lina vitobo kama 400 kwenye eneo la inchi moja ya mraba. Kuta za hivyo vitobo zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, kidogo sana, gramu chache tu, ila ndo hizo zinafanya yule mnunuzi wa vyuma chakavu akuchangamkie vile.

Kazi yake ni kwamba moshi unaotoka kwenye injini ya petroli una vitu vitatu vibaya: kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu na inaua, mafuta ambayo hayajaungua, na gesi za naitrojeni zinazowasha macho na kubana kifua. Masega yakipata moto wa kutosha, kuanzia kama nyuzi 250 mpaka 300 hivi, yanageuza hivyo vyote vinakuwa kaboni daioksaidi, mvuke wa maji na naitrojeni ya kawaida. Hayachuji kitu, hilo watu wengi hawalijui, wanadhani ni kama filta ya hewa ambayo ikijaa uchafu unaitoa. Siyo filta. Moshi unapita tu na ukigusana na yale madini unabadilika. Kwa hiyo masega mazima hayazibi yenyewe kwa sababu ya umri tu, ukiona yameziba kuna kitu kwenye injini kimeyaua, na hapo ndo kiini cha uzi wangu wote.

Sasa kisa changu. Nina IST nyu modo (toleo jipya) ya 2008, injini ni 1NZ. Niliinunua kwa mtu Dar nikaja nayo huku nilipohamishiwa kazi Mtumba. Miezi kama minne ya kwanza safi, baadae ikaanza uzito. Nikiwa naenda Morogoro, vile vilima ukishaiacha Gairo, nilikanyaga mafuta mpaka chini na gari haivuki 70, malori yananipigia honi nyuma, mke wangu pembeni kanyamaza kimya na mnajua ule ukimya. Niliporudi nikaenda gereji moja hapa mjini (siitaji), fundi akaisikiliza dakika mbili akasema masega hayo, tunakata tunaweka bomba tupu utaona inavyoruka. Elfu arobaini kazi yote. Akanambia na yale masega atanisaidia kuyatupa.

Ikakatwa. Na kweli wakuu sitadanganya, siku ile gari ilikuwa nyepesi, nilizunguka mpaka Ihumwa na kurudi nikifurahi. Ile furaha ilidumu wiki mbili. Taa ya cheki injini ikawaka na haikuzima tena. Mlio ukawa na muungurumo mmoja mzito ukifika 80 mpaka 90 unaoingia kichwani, safari ya kwenda Kondoa mtoto akatapika njiani na mimi nikasema ni kona tu. Nguo zetu zikawa zinanuka petroli bichi, nyuma kwenye buti ndo usiseme. Mafuta nayo yakapanda, nilikuwa najaza Jumatatu nafika Jumatatu nyingine, ikawa Jumamosi niko kituoni. Na nilipoinama siku moja kuangalia chini nikaona sensa ya pili ya oksijeni, ile inayopima moshi baada ya masega, imefungwa na kibana waya cheupe, inaning'inia hewani haijachomekwa popote, fundi aliona bomba alilochomelea halina tundu lake akaiacha hivo hivo.

Nilipokuja kuipeleka kwa fundi mwingine mtu mzima mmoja wa Chang'ombe, ndo alichomeka mashine ya kusoma hitilafu akanionesha namba P0302, yaani silinda ya pili inamisi, haiwaki inavyotakiwa. Koili yake, ile inayotoa umeme wa kuwasha petroli, ilikuwa imekufa. Akanieleza kitu ambacho kimenikaa mpaka leo: silinda ikimisi ile petroli haiungui ndani ya injini, inatoka mbichi na hewa yake inaenda kuungulia ndani ya masega, joto linapanda mpaka kile kigae kinayeyuka na kujiziba chenyewe. Kwa hiyo masega yangu kweli yalikuwa yameziba, fundi wa kwanza hakukosea hapo, ila yeye alizika marehemu bila kuuliza nani kaua. Koili moja. Ningeibadilisha mapema masega yangu ya Japani yangekuwepo mpaka leo.

Naendelea na sehemu ya kuchagua, mniruhusu nile kwanza.

Mdau wa Nkuhungu:

Mkuu umeandika kitu cha maana sana. Mimi Runx yangu nimeambiwa hivyo hivyo wiki iliyopita, nzito ikipanda. Ila nilitoka nayo Dar juzi tu, kule ilikuwa kawaida. Nitajuaje ni masega kweli?

Mtoa mada:

Mdau wa Nkuhungu, la kwanza kabisa usisahau uko wapi. Dodoma tuko kama mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tarbo (feni ya kusukumia hewa ndani) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake ikilinganishwa na Dar. Wapo watu gari zao nzima kabisa wanahamia huku na kazi, wanaona uzito, wanakata masega kwa sababu ya hewa ya Dodoma jamani. Kama uzito wako ni wa kadiri, uko sawasawa mda wote na taa haijawaka, tulia kwanza.

Kama unazidi siku hadi siku basi pima. Kuna geji ya vakyumu, inayopima injini inavyofyonza hewa, ni kitu cha bei ndogo tu na fundi anayejiheshimu anayo au anaweza kuazima, inachomekwa kwenye paipu ya menifoldi ya hewa, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Gari ikiwa imewashwa imesimama, vitabu vinasema isome inchi 17 mpaka 21 za zebaki, ila hivyo ni vipimo vya usawa wa bahari, kwa huku kwetu toa kama 3 au 4, kwa hiyo ukiona 14 au 16 usimruhusu mtu akuambie injini imechoka. Afu panda mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika ishikilie hapo. Gari nzima mshale unashuka kidogo unarudi unatulia. Iliyoziba mshale unaanza kushuka pole pole, unashuka, unashuka, kama mtu anayeishiwa pumzi. Mimi niliuona kwenye gari ya jirani yangu, tukaangaliana tu.

Njia nyingine ni kutoa sensa ya mbele ya oksijeni, iliyo kabla ya masega, na kuchomeka geji ya presha pale kwenye tundu lake, gari ikiwa imesimama isizidi kama psi moja na robo, na kwenye 2,500 isizidi 3. Ikizidi hapo kuna kizuizi huko moshi unakoelekea. Na hata bila geji, ukiitoa tu ile sensa ya mbele ukaendesha mita mia mbili (itapiga kelele sana, fanya mahali pasipo na watu na usirefushe) gari ikawa nyepesi ghafla, jibu umepata kabla hujakata chochote.

Na ugonge lile dubwasha na nyundo ya mpira likiwa la baridi. Ukisikia changarawe ndani ya kopo, kigae kimevunjika.

Dereva wa njia ya Singida:

Me nashangaa mnavyohangaika. Nimetoa masega kwenye gari nne sasa na zote zinadunda. Nani anapima moshi huku? Hata trafiki hajawahi kuniuliza. Masega ni mambo ya Ulaya na Marekani huko kwenye baridi.

Mtoa mada:

Kaka nakuheshimu ila hapa ngoja nikujibu kwa kirefu maana wengi wanawaza kama wewe.

Kweli sijawahi kusimamishwa nikapimwa moshi, wala simtishi mtu na askari. Ingawa kanuni za viwango vya hewa zipo toka 2007 chini ya ile Sheria ya Mazingira ya 2004, na za kelele na mitetemo zilikuja 2015, kwa hiyo hatuwezi kusema ni mambo ya wazungu. Marekani wao walianza kuziwekea gari zao masega kuanzia zile za 1975, na ilibidi waanze kuuza petroli isiyo na madini ya risasi kwa sababu risasi inayaua masega. Sisi kusini mwa Sahara tuliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, Algeria ndo wakawa wa mwisho duniani 2021. Maana yake zamani mtu akikwambia huku masega hayana kazi alikuwa na hoja, mafuta yetu yenyewe yalikuwa sumu kwayo. Leo hoja hiyo imekufa, mafuta tunayojaza pale kituoni masega yanakaa nayo vizuri.

Ila mimi linaloniuma siyo sheria. Kaboni monoksaidi inashikana na damu mara mia mbili na zaidi kuliko oksijeni. Inaingia mwilini polepole, kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi, unasema ni jua la Bahi au hukula vizuri. Kumbuka nilivyosema mtoto alitapika njia ya Kondoa. Siwezi kuthibitisha, ila buti langu raba yake ya kuzibia ilikuwa imekatika kona ya chini kama kidole hivi, na nyuma ya gari ikiwa inatembea kuna hewa inajizungusha inavuta moshi kurudi ndani. Mwanangu alikuwa amekaa nyuma. Nikikumbuka hilo huwa nanyamaza. Gari nne zako zinadunda sawa, swali langu ni nani anakaa kiti cha nyuma.

Mama wa Noah:

Samahani naomba kuuliza kaka mtoa mada. Mimi nina Noah nasombea watoto asubuhi toka Kisasa kuwapeleka shule, wanakuwa tisa. Mwezi wa pili sasa watoto wa siti ya mwisho wanalalamika kichwa, nikadhani ni joto. Gari ilitolewa masega kabla sijainunua, aliyeniuzia aliniambia kama sifa kabisa. Naogopa sasa.

Mtoa mada:

Dada yangu, naomba kesho usiwabebe kwenye hiyo gari, tafuta mwenzako akusaidie siku mbili. Simaanishi kukutisha ila kichwa cha watoto wa siti ya mwisho peke yao siyo cha kupuuzia.

Mwambie fundi aipandishe aikague ekzosi nzima toka menifoldi mpaka mkiani, injini ikiwa bado ya baridi aiwashe apitishe mkono karibu na kila kiungio, na mwingine azibe mkia wa bomba kwa kitambaa kinene sekunde chache, pale panapovuja patapiga pumzi na utaona masizi meusi. Noah nyingi zinavuja kwenye lile bomba la springi na kwenye gasketi za flanji. Halafu raba ya mlango wa nyuma: weka noti kati ya mlango na raba, funga, vuta, ikitoka kirahisi hapo hapabani. Zungusha mlango wote hivyo. Na mkia wa ekzosi lazima utoke nje kabisa ya bampa, ukiishia chini ya sakafu moshi unapanda ndani. Mpaka hapo utakuwa umepunguza hatari, ila masega yarudishwe, kwa gari ya kubeba watoto mimi sina ushauri mwingine.

Na wewe mwenyewe na watoto mkiendelea kusikia kichwa pitieni hospitali mkaseme wazi kwamba mnahofia moshi wa gari, maana usipotaja daktari ataanza na malaria.

Fundi wa Majengo (miaka 20 kazini):

Nimesoma kimya kimya nikaona na mimi nichangie. Mafundi tunalaumiwa na sehemu ni haki, lakini na wateja wetu wanakuja wameshaamua. Anakuja anasema kata, nikimwambia nipime kwanza anaona namwongezea bili anaenda kwa jirani. Na kuna hela ya masega kwa wanunuzi wa chakavu, hiyo nayo inawafanya vijana wawe wepesi wa kukata, mtoa mada fundi wako hakuyatupa hayo, aliyauza.

Kingine kibaya zaidi ya kukata ni kutoboa. Wanachukua nondo wanakipiga kile kigae mpaka kimwagike, dubwasha linabaki tupu, nje linaonekana zima. Moshi ukifika pale unajizungusha kwenye chumba kitupu, mlio unakuwa kama debe, na vipande vilivyobaki vinasafiri kwenda kuziba mafla (kopo la kupunguza kelele) nyuma. Ile vumbi inayotoka wakati wa kupiga ni ya kigae na nyuzi nyuzi za ile blanketi inayokishikilia, vijana wanapiga bila hata kitambaa mdomoni. Mimi nilikataa kuifanya toka 2015 baada ya kukohoa wiki mbili.

Na nunueni kwa macho. Kuna masega ya mtumba madukani ambayo yameshatobolewa, unauziwa kopo. Chungulia kwenye tundu la sensa na tochi ya simu.

Mtoa mada:

Mzee asante sana, hilo la kopo tupu nilikuwa nalijia. Kweli aliyauza, niliambiwa baadae na kijana wake.

Sasa kuchagua. Nimepitia njia zote tatu kwa gari moja, kwa hiyo naongea kwa mfuko wangu.

Bomba tupu nimeshaeleza. Wanaosema inapunguza mafuta waniambie kwa mahesabu gani, kompyuta ya gari inapanga petroli kwa kuisikiliza sensa ya mbele, ile iliyo kabla ya masega, hiyo haijui kama nyuma kuna masega au la. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuyachunguza masega tu, ndo maana ukiyatoa unapata P0420, namba ya hitilafu inayosema masega hayafanyi kazi. Ikija kuongezeka matumizi, kama mimi, basi ujue kuna kitu fundi amekiharibu: amekata sensa, au amechomelea vibaya pakavuja kabla ya sensa ya mbele, ile hewa ya nje inaingia, sensa inadhani petroli ni ndogo, kompyuta inaongeza. Kwangu ilikuwa kichomeleo kina kitundu kama tundu la sindano, chini kabisa ambapo mkono wa kuchomelea haukufika, pamezungukwa na alama nyeusi kama wanja.

Nguvu je? Kama masega yako ni mazima na injini ni ya kiwandani, ya lita 1.3 au 1.5, unachopata ni kidogo sana hata hutakisikia, unasikia kelele na kichwa kinatafsiri kelele kuwa nguvu. Na wale wanaoweka bomba nene kabisa kwenye injini ndogo, moshi unapoteza kasi yake, ile kasi ndo inasaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata, matokeo yake gari inakufa chini, ukitoka kwenye taa pale inasuasua. Kwa 1.5 bomba la inchi moja na robo tatu mpaka 2 linatosha kabisa.

Baada ya koili kubadilishwa nikanunua masega mapya ya bei poa, yale ya kuchomelea yanayoingia gari yoyote. Yalikuwa yanang'aa nikavutiwa. Taa ikazima, harufu ikaisha, nikajua nimemaliza. Mwezi wa saba taa ikarudi, P0420 ile ile. Fundi wa Chang'ombe akaweka mashine tukaangalia sensa zote mbili kwenye kioo: ya nyuma inatakiwa itulie kama 0.6 au 0.7 volti hivi, kwangu ilikuwa inaruka juu chini, maana yake masega yanapitisha moshi bila kuugusa. Yale ya bei poa yanapakwa yale madini kiasi kidogo mno, joto likiyapiga miezi kadhaa yanaisha. Siyo kwamba kila jipya ni baya, yapo mazuri yenye alama ya kukubalika Ulaya, herufi E ndani ya duara na namba yake, ila bei yake ukiambiwa unakaa chini kwanza.

Mwisho nikaenda kwa ya mtumba ya Japani, ya gari ile ile na injini ile ile, laki mbili na themanini baada ya kuomba sana. Nilienda na tochi. Unamulika upande mmoja unaangalia upande wa pili, mwanga upite sawasawa kwenye vitobo vyote kama kwenye chekecheo. Kijivu au kahawia hafifu ni sawa. Meusi ya kulowa oili achana nayo, ilitoka kwenye injini inayokula oili na fosforasi ya kwenye oili huwa inayafunika yale madini. Sehemu imelainika kama mshumaa ni ya kuyeyuka, achana nayo. Tikisa, isilie. Pima na uzito wa mkono, kopo tupu linajulikana. Hakikisha tundu za sensa zipo na nyuzi zake hazijalika, flanji haijapinda, na lile bati la kukinga joto lipo.

Lile bati msilidharau hasa sisi wa huku. Toka mwezi wa sita nyasi zote za Dodoma ni kiberiti. Masega yakiwa kazini yanakuwa na joto la mamia ya nyuzi, ukipaki kwenye nyasi kavu njia ya Chamwino gari ikiwa imetoka safari ndefu unaweza kuwasha pori na gari yako ndani. Siku ya kwanza nimefunga haya ya mtumba nilimwagia matone machache ya maji kwa mbali, yalikauka hata hayajatulia.

Subaru ya bluu:

Bro hayo ya IST sawa. Mi nina Forester SG5 ya tarbo nataka lile bomba lilie, nimeambiwa nitoe masega yote niweke daunipaipu (bomba linalotoka kwenye tarbo) tupu. Kwa tarbo si inaongeza nguvu kweli?

Mtoa mada:

Ndugu, kwa tarbo hapo umesema kweli, kizuizi nyuma ya tarbo kikipungua tarbo inawahi kuamka na nguvu inapanda waziwazi. Ila ndo hatari yenyewe: presha inaweza kupita ile kompyuta iliyopangiwa, petroli ikawa haitoshi, injini ikaanza kugonga, na hizo Subaru zikigonga pistoni hazikai. Ukibadilisha daunipaipu lazima kompyuta ipangwe upya na mtu anayeijua kazi, siyo wa kubahatisha. Na ukishafika hapo chukua daunipaipu yenye masega ya michezo, yale ya kigae cha chuma yenye vitobo 200 kwa inchi ya mraba, vitobo ni vikubwa moshi unapita kirahisi, nguvu unaikosa kidogo sana na watu wanaotembea nyuma yako unawaachia pumzi yao.

Na kama shida yako ni mlio tu usiguse masega kabisa. Ule mlio wa Subaru unatokana na bomba za hedazi (zinazotoa moshi kwenye injini) kuwa na urefu usiolingana, moshi unafika kwa mapigo yasiyo sawa. Wewe badilisha kuanzia baada ya masega kurudi nyuma, weka mafla iliyonyooka ndani, bakiza resoneta (kopo la katikati) ili usipate ule muungurumo wa kuumiza kichwa safari ndefu. Utasikika mpaka Makole. Saa tano usiku tu uwe mpole kwa sababu kuna wagonjwa na vichanga.

Dereva wa njia ya Singida:

Mkuu nimerudi. Jana nimeweka noti kwenye mlango wa nyuma kama ulivyomwambia yule dada, imetoka kama imepakwa mafuta. Mke wangu anasafiri na mimi kila wiki. Hiyo ya mtumba uliitoa duka gani na naweza kukuona ukanisaidia kuchagua? Gari ni Spacio, injini ni ile 1ZZ na inakula oili kidogo.

Mtoa mada:

Kaka asante sana kwa kurudi. Duka nitakupeleka, sitaki kulitangaza hapa ionekane napigia debe. Ila kwanza hiyo oili. 1ZZ za mwanzo zinajulikana kwa ringi za pistoni kupitisha oili, ukifunga masega mapya leo na oili inaendelea kuungua utarudi hapa mwakani unalia. Pima kijiti cha oili leo, andika kilomita, pima tena baada ya kilomita 1,000 tuone imeshuka kiasi gani. Wakati huo ziba hiyo raba ya mlango na uchomelee panapovuja, mkeo akae mbele, vioo wazi nusu mkitembea.

Tukijua oili inaendaje ndo twende dukani, niko huru Jumamosi asubuhi. Ijumaa jioni mwambie fundi apulizie dawa ya kutu kwenye nati zote za flanji na kwenye sensa, ilale nayo usiku mzima, maana zile stadi (bolti za flanji) zikikatika siku ya kazi mtakesha mnazichimba na drili. Gasketi nunua mpya mbili, za zamani usizirudishe. Njoo na tochi yako.

Mama wa Noah:

Kaka nimerudi kukwambia bomba la springi lilikuwa limepasuka kwa juu, pasipoonekana. Limebadilishwa leo na raba ya mlango imewekwa mpya. Masega naambiwa yatapatikana Alhamisi yakitoka Dar. Watoto bado wanapanda gari ya mwenzangu mpaka hapo.